Akina Mama 28 na Leseni ya Daraja D

Kijana mmoja wa Majengo, Moshi, alisifiwa mtaa mzima kwa usukani. Noah ya mjomba wake aliiendesha usiku na mchana, na leseni yake ya daraja D ilikuwa halali. Jumamosi moja akina mama wa kikoba walikodi Coaster iwapeleke kwenye maporomoko ya Kinukamori, Marangu. Dereva wa gari akaamka na homa. Tajiri hakutaka kurudisha pesa, akampigia kijana: "Njoo upige deiwaka. Gari ni gari."

Kondakta, mtu mzima aliyezeekea njia ya Rombo, aliomba kuiona leseni. "Mwanangu, hii ni ya gari la nyumbani. Mama zako hawa 28 wanataka C1."

"Mzee wangu, Noah sijawahi kuigusisha hata ukuta."

Kupanda kulikuwa kwepesi. Jioni, wakiteremka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, aliacha gari kwenye gia kubwa akawa anakanyaga breki mfululizo, kama alivyozoea. Noah ilimvumilia; Coaster iliyojaa watu haikumvumilia. Breki zikashika moto, harufu ikajaa ndani, kisha kanyagio likazama lisishike kitu. Akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakufa mtu, lakini mama mmoja alivunjika nyonga, na genge lake la ndizi likafungwa. Bima ikakataa kulitengeneza gari, kwa kuwa dereva hakuwa na daraja lake. Kijana akapandishwa kizimbani.

Kwa utaratibu wa leseni Tanzania, D si ya gari la abiria wa kulipa. C1 ni ya gari la abiria kuanzia 15 wasiofika 30, na anayeiomba hudaiwa kwanza uzoefu wa miaka 3. Katika miaka hiyo dereva hujifunza kuteremka kwa gia ndogo, injini ishikilie uzito, breki zibaki na nguvu za dharura. Kijana alikuwa na nia njema na mikono myepesi. Miaka hiyo hakuwa nayo.

Basi, tajiri, dereva wako akiugua, gari lilale. Dereva, ukipewa usukani usio wa daraja lako, kataa, hata anayekuomba akiwa mjomba. Nanyi mnaokodi gari la matembezi, kabla ya kutoa advansi ombeni leseni, msome daraja. Asiyetaka kuionyesha, msipande gari lake.