Kipimo na Uaminifu

Je, mtu mwaminifu aweza kutoa ushahidi usiofaa? Swali hili halikai mahakamani peke yake. Pangaboi za turbini ya ndege hushika moto mkali na kuvutwa kwa nguvu kila injini iendeshwapo, kisha hupoa izimwapo. Moto na mkazo vikirudiarudia, metali huchoka ikaingia ufa. Ili kuujua umri wake, wapimaji huchukua kijiti cha aloi ya nikeli, wakakipasha moto na kukipoza huku wakikivuta na kukikandamiza, wakihesabu mizunguko hata kishindwe.

Lakini kushindwa ni nini? Mmoja husema ni ufa wa kwanza. Mwingine hungoja kijiti kikatike. Mmoja hukivuta kingali moto, mwingine kimekwisha poa. (Hata mahali pa kubandika kipimajoto pana ugomvi wake.) Wote wasema kweli, na hesabu zao hazipatani; naye abiria, asiyejua lolote, ameketi juu ya hesabu hizo.

Marekani ilitoa kanuni yake mwaka 2004, Ulaya mwongozo wake mwaka 2006, na kanuni ya kimataifa, ISO 12111, ikatoka mwaka 2011. Ni unyenyekevu mwema kuacha desturi ya nyumbani ili neno lako lieleweke kwa jirani. Ila kijiti kimesuguliwa kikang'aa. Pangaboi ina vitundu vya kupozea, nayo hupigwa na chumvi na vumbi. Mwenye kutii kanuni akanyamaza juu ya tofauti hiyo atapatana na wenzake wote, na abiria atakuwa hajaambiwa kweli.