Deni la Jina

Kwa Kikuyu, mwihoko ni tumaini, lile la mtu anayeegemea kitu akiamini hakitamwangusha. Mtaa wenye jina hilo, upande wa Ruiru, umezungukwa na alama za vita ambavyo wakazi wake wengi hawakuviona. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, ikiitwa Templer, hadi ilipokabidhiwa Kenya mwaka 1965. Gereza la Kamiti haliko mbali. Humo ndimo Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alimonyongwa tarehe 18 Februari 1957 akazikwa pasipo alama. Na karibu na Thika, mkesha wa Krismasi ya 1953, aliuawa Meja Archibald John Wavell wa Black Watch, kikosi cha Waskoti. Wavell hakuwa kijana tena. Alikuwa na miaka 37, alikwisha kupoteza mkono mmoja katika vita vya Burma, na kwa kuwa hakuacha mtoto, cheo cha ukoo alichorithi kwa babake, aliyewahi kutawala India, kilikoma naye. Lakini katika kikosi chake walikuwamo vijana wa miaka 18 na 19, walioletwa na sheria iliyomlazimu kila kijana wa Uingereza mwenye afya kutumikia jeshi miaka 2. Kijana wa namna hiyo akifa hapa, ugenini, akitumikia dhuluma, anatudai nini sisi tunaoishi juu ya ardhi aliyofia?

Jibu la haraka ni kwamba hana anachotudai. Aliyekuja kuua hana haki ya kuliliwa. Jibu hili lina nguvu, nami silidharau, ila linachanganya mambo mawili: huzuni na hukumu. Hukumu huuliza mtu alitenda nini na kwa ajili ya nani. Huzuni hutazama maisha ambayo hayataendelea. Tukisema huzuni isubiri hukumu, tumeigeuza kuwa mshahara wa kuwa upande wa haki, na hapo kila serikali itajitwalia kazi ya kuamua nani alipwe machozi. Tumtazame kijana huyo wa Black Watch alivyokuwa kisheria. Uingereza ya wakati ule haikumruhusu mtu kupiga kura kabla ya miaka 21. Basi alipewa bunduki na serikali ambayo hakuwa na sauti katika kuichagua. Rika lake wa Kikuyu aliyekula kiapo na kuingia msituni naye hakuwa na kura: Waafrika wa Kenya waliwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, mwezi mmoja baada ya Kimathi kunyongwa.

Atatokea mtu aseme kwamba huku ni kusawazisha visivyo sawa, maana mmoja alivuka bahari kwa meli na mwingine alikuwa kwao, tena kwao kulikokwisha kukatwa kuwa mashamba ya walowezi. Ni kweli tupu. Kunyimwa kura hakuwafanyi wawili hao kuwa sawa, wala kulazimishwa kuingia jeshini si kulazimishwa kutenda kila kitendo. Amri ilimleta askari Kenya. Haikumwondolea dhamiri mbele ya mfungwa aliyefungwa mikono. Hukumu ibaki kali kama ilivyo. Ninachokataa ni kwamba ukali wake utufanye tuseme hapakufa mtu.

Na kusema hapakufa mtu ndiyo njia yenyewe ambayo vita vile viliendeshwa. Kapteni Gerald Griffiths, ofisa wa jeshi la King's African Rifles, aliposhtakiwa Novemba 1953, mahakama ya kijeshi ilisikia habari za zawadi ya shilingi 5 kwa askari aliyeua. Desemba hiyohiyo, mwezi aliokufa Wavell, tume ya uchunguzi ilikaa Nairobi kuuliza, pamoja na mengine, kuhusu vikosi vilivyoshindana kwa idadi ya waliouawa, vikiiandika kama mabao ya mchezo. Ubao wa mabao hauna nafasi ya jina, na pasipo jina mkono wa muuaji huwa mwepesi. Mtu anaweza kunipinga hapa kwa ushahidi mwingine: maiti za msituni zilikatwa viganja ili alama za vidole zipelekwe kutambuliwa, kwa hiyo majina yalitafutwa, tena kwa bidii. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na limenisaidia kuona ninachokitetea hasa. Jina lile lilitafutwa kwa ajili ya faili. Lilipopatikana, faili ilifungwa, na mwili ukabaki ulipobaki, jamaa wasiambiwe. Kumtambua aliyekufa ili kumfuta kwenye orodha ya wanaosakwa ni kazi ya polisi. Kumtaja mbele ya waliomzaa ndilo deni ninalolisema. Hesabu rasmi iliweka wapiganaji waliouawa kuwa 11,503 kufikia mwisho wa 1956. Tarakimu hiyo ni kamili hadi mtu wa mwisho, na haina hata mtu mmoja ndani yake.

Upande wa pili, katika jimbo la Staffordshire, Uingereza imesimamisha kumbukumbu, iliyozinduliwa 2007, yenye majina zaidi ya 16,000 ya wanajeshi wake waliokufa kazini tangu vita vya pili vya dunia vimalizike. Waliouawa Kenya wamo humo. Wapo wanaoona hilo ni tusi, kwamba kumchongea mvamizi jina ni kuupamba uvamizi. Sikubaliani nao. Jina lililochongwa halisemi aliyelibeba alikuwa na haki. Linasema kwamba mtu fulani alitumwa, akafa, na aliyemtuma hawezi kukana. Jiwe la askari wa Uingereza aliyekufa Kenya ni ushahidi dhidi ya London kwanza, kabla halijawa faraja kwa mama wa Dundee kule Uskoti. Tusi liko katika nafasi iliyo wazi kando yake.

Wala si wakoloni peke yao walioirithisha nafasi hiyo. Kenya huru iliiacha marufuku ya Mau Mau ya mwaka 1950 iendelee kuwa sheria hadi 2003. Baada ya kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde huko Somalia kuvamiwa tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutoa hesabu rasmi ya askari wake waliouawa. Vijana wa vijiji vyetu, safari hii chini ya bendera yetu wenyewe. Sababu za kiusalama zilitajwa. Sababu za kiusalama huisha, na hizi zimepewa muda wa kutosha kuisha.

Mukami Kimathi aliishi miaka 66 baada ya mumewe kunyongwa, akiziomba serikali moja baada ya nyingine zimwonyeshe kaburi. Alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua, peke yake. Kamiti bado haijawaonyesha watoto wake mahali pa kuchimba.