Kwani paka naye achorwe?

Kuna watu wanaishi kwa kuchora wanyama wa kufugwa kwa pasteli, yaani zile chaki laini zenye rangi nzito, si za ubaoni. Unatumiwa picha ya mbwa au paka kwenye simu, unachora, unaweka kwenye fremu ya kioo, unalipwa. Ulaya na Marekani hiyo ni biashara ya kawaida tu. Huku Kigoma mtu akisikia unachora paka wa mtu kwa pesa, anacheka kwanza, halafu anauliza swali zito kuliko mwenyewe anavyodhani: kwani paka naye achorwe?

Swali hilo si la ruhusa tu. Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na mjadala wa kuchora vyenye roho una wenyewe. Wapo wanaokataza kabisa, wakiishika hadithi ya Ibn Abbas aliyemshauri mchoraji achore miti na visivyo na roho, na wapo wanaotenganisha sanamu na picha ya karatasini. Masheikh wapo, sitawaingilia. Mimi nauliza lile linalobaki hata ukishapewa ruhusa: ukimchora mnyama mmoja kwa sura yake, umesema nini juu yake? Na juu ya wale ambao hukuwachora?

Wanyama tumewachora siku zote. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, aliwajaza humo chui na ndege na tembo. Lakini chui wake ni chui, si chui fulani. Hakuna anayeuliza huyu ni wa nani, alikufa lini. Picha ya paka wa nyumbani ni kitu kingine. Mwenye paka akiona jicho la kushoto limekosewa kidogo tu, anakwambia, "Huyu siye."

Pasteli yenyewe inakulazimisha kutazama. Unga wake haukauki kama rangi ya maji, unakaa juu ya karatasi, na kidole kikipita unafutika. Manyoya unayajenga kwa tabaka, giza chini, mwanga juu, ukifuata yanakolala: yanageuka begani, yanapinda nyuma ya sikio. Sharubu mwisho kabisa. Huwezi kuchora "paka" hivyo. Unamchora huyu, mwenye kovu hili. Ukimaliza, umemjua kiasi ambacho pengine hujawahi kumjua jirani yako.

Na huku kwetu hoja hii ina historia. Julai 1960 Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, akaanza kuwapa sokwe majina: David Greybeard, Goliath, Flo, Fifi. Alipokwenda Cambridge akaambiwa angewapa namba, majina si sayansi. Hakukubali. Alikuwa akisema kwamba mwalimu wake wa kwanza katika jambo hilo alikuwa Rusty, mbwa aliyekua naye Uingereza, ambaye alimfundisha kwamba mnyama ana akili, ana hisia, ana tabia zake. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London likachapisha tanzia yake. Tanzia ya sokwe!

Hapo ndipo wengi wanaponuna, na hawanuni bure. Januari 1974, sokwe wa kundi la Kasakela walipomshambulia Godi wa kundi la Kahama, aliyekuwepo akishuhudia alikuwa Hilali Matama, Mtanzania, mfanyakazi wa utafiti wa Gombe. Waulize watu wa nje wangapi wanamjua Flo, wangapi wanamjua Hilali. Rudi nyuma zaidi. Livingstone alikuwa na mbwa, Chitane, aliyekufa maji mwaka 1867, na Mzungu yule akamwandika kwa huzuni kwenye shajara yake. Susi na Chuma tunawajua, sawa. Lakini maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo? Mbwa ana jina, mpagazi hana.

Bibi mmoja wa Ujiji, ambaye paka wake nilikuwa namchora, alilisema hili vizuri kuliko mimi. Alikaa ananiangalia, kisha akasema, "Mwanangu, paka umemtazama siku mbili. Mimi nani kanitazama siku mbili?" Nikamwambia basi nimchore na yeye. Akakataa. "Mimi uniache, nitaulizwa huko niendako." Hakuwa anataka picha, alikuwa anataka kutazamwa.

Jibu la haraka ni kwamba upendo haupungui kwa kugawanywa. Silikubali sana. Moyo huenda haupungui, ila saa zinapungua: siku mbili nilizompa paka sikumpa mtu. Hata hivyo siafiki kwamba dawa ni kumnyima paka. Kosa la shajara zile si kumwandika Chitane. Kosa ni kwamba jicho lililoweza kumwona mbwa lilipita juu ya mtu mwenye mzigo kichwani na lisisimame. Hao waliompuuza mpagazi wasingemwona hata kama mbwa asingekuwepo.

Tena kuchora mnyama kunaweza kuwa njia ya kutomwona. Nimewahi kuletewa picha ya mtoto wa sokwe aliyevalishwa shati, eti anacheka. Sokwe akionyesha meno yote namna ile, mara nyingi ni woga. Na mtoto wa sokwe kwa kawaida hapatikani mpaka mama yake auawe. Hiyo sikuichora. Kuipaka rangi nzuri ni kusaidia uongo.

Uongo mdogo nao upo. Mteja mmoja wa Kibirizi ana dume lake la mwaloni, linalolala kando ya dagaa walioanikwa, sikio moja limechanika kwa ugomvi. Akaniambia, "Fundi, hilo sikio lizibe, apendeze." Kwa pasteli ni kazi ya kidole, dakika moja. Lakini ukiliziba umemchora paka ambaye hayupo, na yule anayekimbizwa kila alfajiri na wanaoanika dagaa anabaki bila picha. Nililiacha. Mteja akaomba apunguziwe bei, nikampunguzia.