Kidonge cha Nani?

Je, ndugu wana haki ya kumficha mgonjwa jina la ugonjwa wake? Msomaji, usikimbilie kujibu. Wanaoficha hawafichi kwa ubaya. Daktari akishatamka "kansa ya damu", baba humvuta mjomba pembeni, wanakubaliana: "Tumwambie ni upungufu wa damu tu, asije akakata tamaa." Huo ni upendo, bwana, tena upendo unaolipa gharama zote na kulala sakafuni wodini.

Lakini hebu tuutazame upendo huo ukiwa kazini. Iko kansa ya damu inayokwenda polepole. Uboho, ule ulio ndani ya mifupa, hutengeneza chembe nyeupe kupita kiasi. Bandama huvimba, na wengine hudhani ni malaria sugu. Hitilafu ya kromosomu inayoambatana nayo iligunduliwa na wanasayansi wawili mwaka 1960 huko Philadelphia, Marekani. Zamani jina hilo lilikuwa hukumu. Tangu mwaka 2001 ipo dawa ya vidonge, imatinibu, na wengi wanaoitumia wanaishi miaka mingi, wanafanya kazi, wanalea. Sharti lake: imezwe kila siku, hata ukijisikia mzima, mpaka daktari mwenyewe aseme vinginevyo.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi. Aliambiwa ana bandama, basi. Alimeza vidonge, tumbo likashuka, nguvu zikarudi. Akaona kapona, vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la kanga, akasema dawa nyingi huharibu maini. Ugonjwa uliporudi, ulirudi na hasira. Nani alaumiwe? Busara mama alikuwa nayo. Alichonyimwa ni habari ya kuitumia hiyo busara.

Kwa hiyo nasema: anayemeza kidonge ndiye wa kwanza kustahili kujua anameza nini.

Wapo watakaodai kwamba ukweli unaua. Na minong'ono je? Mgonjwa akiingia, mazungumzo yanakatika. Watoto wanafundishwa kudanganya. Yeye mwenyewe keshahisi, lakini anajifanya hajui ili asiwaumize wenzake. Nyumba nzima inaigiza, na anayeumwa ndiye mpweke kuliko wote.

Sisemi mtu aamshwe kwa habari mbaya. Aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani. Akisema "leo hapana", aheshimiwe, ila mlango ubaki wazi. Haki ya kutojua nayo ni yake, si ya mjomba.

Na sisi tunaojifunza kuandika tumo. Katika hadithi zetu, mhusika akizimia ukurasa wa kumi, ukurasa wa mwisho yuko kaburini. Ndiyo maana jina la ugonjwa linatisha hata kulitaja. Nani kaandika juu ya asubuhi ya elfu moja, mtu anakunywa chai, anameza kidonge chake, anakimbilia daladala? Mtu huyo yupo. Tumwandike angali hai.