Legezeni Kabla Hamjagonga

Ndugu wenye magari, nasema nanyi mnaopigiza milango. Nasema nanyi mliofunga bampa kwa waya mkaahidi kwamba ni mpaka mwisho wa mwezi, na miisho ya miezi imepita mkihesabu. Nasema hasa nawe ambaye kila asubuhi unauinua mlango wa dereva kwa mkono, unausukuma kwa nyonga mpaka ushike, kisha unaondoka ukiamini kwamba gari limezeeka. Halijazeeka! Limetoka kwenye mstari, na mstari hurudishwa. Hurudishwa hapohapo nyumbani kwako, chini ya kivuli, kwa spana namba 10 na namba 12, kwa macho yaliyotulia na moyo usio na haraka.

Nitoe mfano wa gari mnalolijua. Toyota IST ya toleo la kwanza, ile iliyotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007, imejaa katika barabara za Dar es Salaam. Imesukumwa kidogo kwenye foleni, bodaboda imeikwaruza ubavuni, fundi wa injini amefungua boneti na kuirudisha akiwaza kazi inayofuata. Hakuna chuma kilichokunjamana, hakuna kioo kilichovunjika. Lakini mwanya kati ya boneti na fenda upande wa kulia unapitisha ncha ya kidole, na upande wa kushoto hata karatasi haipiti. Mwenye gari anaona, anazoea, mwisho haoni tena.

Ninalia na mazoea hayo. Maana dawa ya ugonjwa huu iliwekwa ndani ya gari na walioliunda. Matundu ya bolti kwenye bawaba na kwenye fenda yametobolewa mapana kuliko bolti zenyewe. Yametobolewa hivyo kwa makusudi, ili kipande cha bodi kisogezwe milimita chache, mbele au nyuma, juu au chini, ndipo kikazwe. Walijua kwamba vipande havitoki kiwandani vikilingana kabisa, wakakuachia nafasi ya kusahihisha. Umeachiwa nafasi, nawe unachukua nyundo! Umeachiwa nafasi, nawe unalipia puti na rangi kufunika kosa ambalo lingeondoka kwa kulegeza bolti nne.

Msiniambie kwamba haya ni mambo ya urembo. Kufuli la mlango lina hatua mbili za kushika. Hatua ya kwanza huuzuia mlango usiachie tu, ya pili ndiyo inayofunga kweli. Mlango uliokaa upande huishia hatua ya kwanza: unaonekana umefungwa, taa ya dashibodi inakuambia haujafungwa, nawe umeshaizoea taa hiyo kama ulivyouzoea mlango. Na mtoto wako ameuegemea mlango huo. Tena raba ya mlango isiyobanwa sawasawa huingiza maji wakati wa masika, maji yakalala chini ya zulia, na sakafu ikaanza kuliwa na kutu usiyoiona. Mnaokaa karibu na bahari mnajua chumvi inavyofanya mahali ambapo kipande kimoja kimesuguana na kingine mpaka rangi ikatoka. Boneti nayo, ikikaa vibaya juu ya kufuli lake, inaweza kuachia ukiwa mwendo wa kasi kwenye barabara ya Chalinze na kukupiga kwenye kioo cha mbele. Je, huo ni urembo?

Basi anza kwa kutazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: chuchumaa mbele ya gari, macho yawe usawa wa boneti, ufuate mstari wa mwanya kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma. Zunguka upande wa pili, ufanye vilevile. Usiguse kitu. Kisha pima. Huna kipimo cha mafundi? Kadi ya benki, popote ilipotolewa duniani, ina unene wa milimita 0.76. Chukua tano zilizokwisha muda, zisizo na namba zilizoinuka, uzipange pamoja: umepata milimita 3.8, na mianya ya magari mengi huwa kati ya milimita 3 na 5. Pitisha kadi hizo taratibu juu, katikati na chini ya kila mwanya, ukiandika kwenye karatasi zinapobana na zinapolegea. Usitafute namba ya kiwandani kwanza. Tafuta usawa: mwanya wa juu ufanane na wa chini, wa kulia ufanane na wa kushoto. Jicho la mtu husamehe mwanya mpana ulionyooka, halisamehi mwembamba unaofunguka kama mkasi.

Na sasa sikieni neno ambalo wengi hulipuuza, wakahangaika bure. Kazi huanzia nyuma! Kosa linaonekana mbele, kwenye boneti, na mkono unataka kukimbilia hapo. Uzuie. Ubavu wa nyuma wa gari, ule unaozunguka tairi la nyuma, umechomelewa kwenye bodi. Hauna bolti, hausogei. Huo ndio msingi. Mlango wa nyuma unalinganishwa na ubavu huo. Mlango wa mbele unalinganishwa na mlango wa nyuma. Fenda inalinganishwa na mlango wa mbele. Boneti inalinganishwa na fenda zote mbili, na bampa inakuja mwisho. Aliyeanza na boneti atailegeza tena, maana fenda ikihama, mwanya wa boneti unahama nayo. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakizunguka gari siku nzima, kila walichonyoosha kikipindisha kingine, kwa sababu tu waliikamata kazi kwa kichwa badala ya mkia.

Ukifika kwenye mlango, ufungue nusu, ushike ukingo wake wa nyuma kwa mikono miwili na uuinue. Ukicheza, ukigonga tok-tok kwenye bawaba, pini na bushi zimelika, na hakuna marekebisho yatakayodumu mpaka zibadilishwe. Usijidanganye hapo. Ukiwa imara, endelea. Chora mstari wa penseli kuzunguka bawaba na kuzunguka ile pete ya chuma kwenye nguzo ambayo kufuli hung'ata, ili uwe na pa kurudi. Bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kwenye kingo zote zinazoweza kugusana. Kisha toa pete. Ndiyo, itoe, ili mlango uning'inie wenyewe na kukuambia ukweli wake. Kwenye Toyota za zamani imefungwa kwa skrubu kubwa za msalaba: tafuta bisibisi namba 3 inayoijaza skrubu sawasawa, iegemee kwa uzito wa mwili, usije ukala kichwa chake. Ukishatoa skrubu moja, chungulia kama bamba la nati lililo nyuma limeshikiliwa, ndipo utoe ya pili. Likidondokea ndani ya nguzo, jioni yako imekwisha.

Weka jeki chini ya mlango, na juu yake kipande cha mbao na kitambaa kilichokunjwa, umwite mtu akusaidie. Ukingo wa nyuma wa mlango umeshuka? Utainuka ukiisogeza bawaba ya juu mbele kidogo, au ya chini nyuma kidogo. Bolti za upande wa nguzo hupeleka mlango mbele na nyuma, juu na chini. Za upande wa mlango huuingiza ndani na kuutoa nje. Kwenye magari mengine bolti za nguzo hazifikiki mpaka fenda itolewe, basi itoe. Legeza bawaba moja tu kwa wakati, tena kidogo, kiasi kwamba mlango unasogea ukisukumwa lakini haudondoki. Sukuma. Kaza. Funga taratibu. Pitisha kadi zako. Legeza tena.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nawasihi msikate. Unalegeza bolti, unasukuma, mlango hausogei hata unywele. Unasema: imeshindikana, gari limepinda, niletee nyundo. Hapana! Toyota nyingi hutoka kiwandani bawaba zikiwa zimefungwa kwa bolti zenye umbo la kujiweka katikati ya tundu. Bolti hizo zikiwamo, mlango haurekebishiki, na kitabu cha mafundi cha Toyota chenyewe kinasema hivyo. Toa bolti moja baada ya nyingine, uweke bolti ya kawaida ya unene uleule, nyuzi zilezile na nguvu ileile, pamoja na washa yake. Namba ya nguvu imechapwa kichwani, usichukue pungufu. Boneti nayo kwenye gari hizo hufungwa kwa bolti za namna hiyohiyo. Ni watu wangapi wamepinda bawaba kwa mtaimbo, wakaharibu chuma kizima, kwa sababu hakuna aliyewaambia habari za bolti moja! Waambieni wenzenu. Andikeni kwenye ukuta wa gereji.

Mlango ukishakaa, rudisha pete. Na pete hii haikuwekwa ibebe mlango. Nasema tena, haikuwekwa ibebe mlango! Fundi anayepandisha pete ili iudake mlango ulioshuka amekutengenezea kufuli litakalolika na bawaba zitakazoendelea kushuka. Ipake grisi kidogo, sogeza mlango polepole mpaka kufuli liguse, ufungue, utazame alama. Kufuli linatakiwa liimeze pete katikati. Ukifunga ukaona mlango unapanda au unashuka dakika ya mwisho, pete ina kosa, isahihishe. Mlango uliopatana na pete yake hufungwa kwa kusukuma kwa kiganja. Watoto wako watajifunza kutopigiza mlango siku utakapokuwa hauhitaji kupigizwa.

Fenda haina maneno mengi: bolti za namba 10 juu, moja au mbili karibu na mlango, nyingine chini. Legeza zote, weka kadi zako kati ya fenda na mlango, kaza ukizishikilia. Ukingo wa mbele wa mlango usitokeze nje kuliko fenda, bora uwe ndani kwa unene wa kadi moja, la sivyo upepo utaushika na kupiga mluzi njia nzima.

Boneti ifanyeni watu wawili, na siku ya upepo mkali iacheni. Ondoa kwanza kufuli lake kwenye fremu ya mbele, kusudi boneti itue bila kuvutwa. Legeza bolti za bawaba, ishushe kwa mikono, ukichunguza kwanza kwamba pembe zake za nyuma hazitagonga fenda wala sehemu iliyo chini ya kioo. Iweke katikati ya fenda, fungua kwa uangalifu, kaza. Urefu wa pembe za mbele unapatikana kwa zile raba mbili za kupumzikia: zizungushe kwa mkono, zipande au zishuke, mpaka boneti na fenda ziwe usawa mmoja unapopitisha kiganja. Kufuli lirudi mwisho, lifuate boneti, lisiivute boneti ilifuate. Kisha fanya jaribio ambalo sitakusamehe ukiliacha: vuta mkono wa kufungulia ndani ya gari, halafu jaribu kuinua boneti kwa nje bila kugusa ndoano ya pili ya usalama. Ndoano lazima iizuie. Isipoizuia, gari hilo lisitoke getini.

Wapo ambao kazi hii si yao, nami sitawapoteza. Kama umefika mwisho wa tundu na mwanya bado umekataa, kama kuna mshono wa bodi uliochanika, kama tairi moja inaliwa upande, huenda chesisi imeguswa. Hapo mwendee fundi bodi mwenye vifaa vya kuvuta na kupima, umlipe bila kunung'unika, kwa maana hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa. Kama utachomoa waya za mlangoni au nyuma ya bampa, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa ajili ya mifuko ya hewa. Usizichezee zile waya za rangi ya njano. Na gari jipya lenye rada nyuma ya nembo au bampa, sehemu hiyo usiiguse, kwani rada ikihama hata kidogo, breki zinazojifunga zenyewe zitasoma barabara vibaya.

Na wewe unayetaka kuuza gari, usinyooshe mianya ili ufiche ajali. Mnunuzi mwenye macho atatazama vichwa vya bolti, atakuta rangi imechubuliwa na spana, atakuuliza. Mjibu ukweli kabla hajauliza.

Waliobaki, hamna udhuru. Paka rangi kidogo kila bolti iliyochubuka, siku hiyohiyo, kabla umande haujaifikia. Endesha wiki moja kwenye barabara zenu zenye matuta, kisha urudi na spana upitie bolti zote tena, za bawaba, za pete, za kufuli la boneti, upime tena kwa kadi zilezile. Usiende gereji kesho. Kesho uamke mapema, uchuchumae nyuma ya gari lako, uanze na mlango wa nyuma.