JE, UMESAFISHWA AU UMEFUNIKWA TU?



Usiitupe karatasi hii. Najua leo umepewa makaratasi mengi hapa uwanjani, na mengine utafungia karanga. Lakini hii isome kwanza, hata kama umesimama kituoni unangoja daladala. Mimi siyo msomi. Niliishia darasa la saba, baadaye Bwana akanipa neema nikasoma kozi ya Biblia. Lakini kabla sijashika Biblia nilishika mashine. Nilikuwa fundi wa kupiga magari polishi. Kwa hiyo leo nakuhubiria habari ya gari kuukuu. Ukimaliza kusoma utajua kama habari hii ni ya gari au ni ya kwako.

NANI ALIYELIKWARUZA?

Chukua gari lililokaa miaka ishirini kwenye jua letu na vumbi letu. Litazame saa sita mchana. Boneti limepauka. Kama ni rangi ya zamani isiyo na klia juu, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Sasa angalia pale jua linapomulika kwenye bodi. Utaona mikwaruzo midogo midogo inazunguka kama utando wa buibui.

Uliza mwenye gari, nani aliyeikwaruza? Atakwambia ni watoto wa mtaani. HAPANA! Mara nyingi ni yeye mwenyewe. Kila asubuhi alichukua kitambaa kikavu akafuta vumbi, ili aende kazini gari likiwa safi. Vumbi ni mchanga, ndugu yangu. Ukilisugua bila maji, unapiga rangi msasa. Kitambaa kikianguka chini anakiokota, anaendelea. Alikuwa anasafisha, kumbe anaharibu!

Ndivyo wengi tulivyo. Tunajifuta wenyewe kila asubuhi. Leo naacha pombe, kesho nitatoa sadaka kubwa, Jumapili nitavaa suti. Nabii Isaya aliyafananisha hata matendo yetu mazuri na nguo chafu (Isaya 64:6). Sasa nguo chafu itamsafisha nani?

MKWARUZO NI SHIMO

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye siri. Mkwaruzo siyo uchafu uliokaa juu ya rangi. Mkwaruzo ni shimo, ni mfereji mdogo. Taa ikipiga hapo mwanga unatawanyika, ndiyo maana unaonekana. Na njia za kuuondoa machoni pa watu ni mbili tu.

Njia ya kwanza ni KUUJAZA. Unapaka mafuta au waksi nzito, inaingia kwenye ule mfereji, uso unakuwa sawa, gari linang'aa kama jipya. Nusu saa umemaliza, umelipwa. Mwenye gari anaondoka anacheka. Lakini ngoja sabuni ipite mara mbili tatu, ngoja jua la wiki moja na mvua ya usiku mmoja. Mafuta yanaondoka, mikwaruzo yote inarudi. Haikuwa imeondoka kamwe!

Soma Ezekieli 13. Utakuta watu waliojenga ukuta dhaifu, halafu manabii wa uongo wakaupaka chokaa upendeze. Mungu akasema mvua inakuja. Hakugombana na chokaa kwa maneno, aliiachia mvua.

Njia ya pili ni MASHINE. Mashine haijazi kitu. Mashine inapunguza. Inaushusha uso wote wa rangi ulioko pembeni mpaka ufike chini kabisa ulipo mkwaruzo. Mfereji unakwisha kwa sababu kingo zake zimeshuka. Umeelewa? Gari haling'ai kwa kuongezewa, linang'aa kwa KUPUNGUA! Yohana Mbatizaji alilijua jambo hili kuhusu nafsi yake (Yohana 3:30). Wewe unataka kung'aa lakini hutaki kushuka. Haiwezekani!

KAZI INAVYOFANYIKA

Rangi yote ya kiwandani, kutoka kwenye bati mpaka juu, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kila ukipiga mashine unakula kidogo, na ukishakula hairudi. Kwa hiyo hii siyo kazi ya pupa.

Kwanza unaosha kwa maji mengi, kuanzia juu kushuka chini. Halafu ingiza mkono kwenye kifuko chembamba cha mkate, upapase bodi. Utashangaa! Ulichoona ni safi kina vipele kama ulimi wa paka. Ni chembe za chuma, lami, na utomvu wa miti, vimeng'ang'ania. Hivyo vinatolewa kwa udongo maalum, laini kama chingamu, huku unamwagia maji ya sabuni. Ukipiga mashine bila kuvitoa, unavizungusha juu ya rangi na kuongeza mikwaruzo.

Pili unajaribu sehemu ndogo, kwa pedi laini na dawa laini. Ikishindwa, ndipo unapanda kwenye dawa kali. Fundi mpumbavu anaanza na kali.

Tatu, usisimame sehemu moja. Iko mashine inayozunguka tu mahali pamoja, hiyo inakata haraka na inachoma haraka. Iko nyingine inayozunguka huku inayumba, hiyo ni ya taratibu na salama zaidi kwa anayejifunza. Lakini zote, ukifika kwenye kingo na mikunjo ya bodi, tahadhari! Pale rangi ni nyembamba. Bandika gundi ya karatasi, malizia kwa mkono.

Nne, angalia pedi yako. Gari la zamani lisilo na klia litaacha rangi kwenye pedi, hilo usiogope. Lakini gari lenye klia likiacha rangi kwenye pedi, ZIMA MASHINE! Umeshapita klia.

Tano, na hapa ndipo mafundi tunapojulikana. Ukimaliza, dawa yenyewe ina mafuta, nayo inaficha. Chukua spiriti iliyochanganywa na maji, futa mafuta yote, toa gari juani, uangalie KWELI. Ukiridhika, ndipo unapaka waksi. Waksi ile ile! Juu ya kazi ya kweli ni ulinzi. Juu ya mkwaruzo ni uongo.

Na yako mambo ambayo mashine haiyawezi. Mkwaruzo unaonasa ukucha, uache, maana ukiufuata mpaka chini utamaliza klia. Klia inayobanduka kama ngozi ya nyoka, na kutu inayotoka ndani, hizo haziponi kwa polishi. Zinataka kukwanguliwa na kupakwa rangi upya. Nikodemo alikuwa mtu mzuri, mwalimu wa watu, lakini Yesu hakumwambia akapigwe polishi. Alimwambia habari ya kuzaliwa mara ya pili (Yohana 3).

SASA SIKIA HABARI YANGU

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi gereji moja Temeke. Akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na Toyota Corolla ya mwaka 1994, bluu iliyokoza. Mke wake alikuwa anaumwa, anatakiwa afanyiwe upasuaji. Mzee alikuwa anauza gari apate pesa. Akaniambia, "Kijana wangu, ing'arishe vizuri, mnunuzi anakuja Jumamosi."

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, mimi nina haraka. Nikachukua mashine ya kuchoma na pedi nyeupe ya sufi, nikaibana kwenye ukingo wa boneti. Nikaona pedi imekuwa bluu. Nilijua maana yake, lakini sikuzima. Nilipoinua mashine, pale kwenye ukingo palikuwa na doa la kijivu kama sarafu. Nimekula klia, nimekula rangi, nimefika kwenye praima.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua rangi ya viatu nyeusi nikasugua pale, nikafunika na waksi. Kwa kivulini huoni kitu. Mzee alifurahi, akanilipa yote, akaniongezea na ya soda.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha. Jumamosi mnunuzi akaliona doa, akapitisha kidole, kidole kikatoka cheusi. Akamwambia yule mzee mbele ya watu, "Mzee mzima unapaka gari rangi ya viatu ili unitapeli?" Akakata shilingi laki tano. Mzee akakubali, afanyeje, mke yuko hospitali.

Dalali alikuja gereji anasimulia, anacheka, eti kumbe yule mwalimu ni tapeli. Jamani, na mimi nikacheka pamoja naye. Lakini usiku sikulala.

Mwaka 2016 niliokoka kwenye mkutano wa Injili kama huu. Nikalia, nikabatizwa, nikaingia kwaya. Watu wakasema huyu kijana amebadilika. Lakini kila nikipiga magoti naliona lile doa. Nikaongeza kufunga, nikaongeza kupaza sauti kwenye maombi. Doa lipo tu. Ndipo Bwana akanifungua macho: nilikuwa nimehamisha waksi yangu kutoka gereji nikaileta kanisani! Daudi naye alinyamaza na dhambi yake, akasema hata mifupa yake ilichakaa (Zaburi 32). Mfalme mzima, zaburi anaimba, na ndani anaoza, mpaka Nathani alipokuja na spiriti ya kufuta mafuta (2 Samweli 12).

Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake alizungumza habari ya kurudisha (Luka 19). Wapendwa wa zamani waliyaita MATENGENEZO. Nilikusanya ile laki tano kwa miezi minane. Siku nilipokwenda, miguu ilikuwa inatetemeka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nikapiga magoti nikasema yote. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akahesabu pesa, noti moja moja. Mimi nilitegemea aseme, si kitu kijana wangu. Hakusema hivyo. Alisema, "Kilikuwa kitu. Niliitwa mwongo mbele ya wajukuu zangu."

Halafu akasema, "Nilijua ni wewe. Mnunuzi aliniuliza fundi ni nani, aende kwa bosi wako. Sikukutaja. Nilijua utafukuzwa kazi."

Nililia, ndugu yangu. Siku ile wakati mimi nacheka na dalali, mtu asiye na kosa alikuwa amebeba jina baya langu, na akanyamaza ili mimi nipone! Kisha akasema, "Nimekusamehe. Kaa unywe chai." Mama mwenyewe ndiye aliyeileta, anatembea na fimbo.

NA WEWE JE?

Mpendwa, yule mzee alibeba aibu yangu mbele ya mnunuzi mmoja. YESU amebeba yako mbele ya mbingu na nchi (Isaya 53). Alijua ni wewe. Hakukutaja. Alinyamaza.

Kwa hiyo usimletee Yesu waksi. Usimwambie wewe ni wa dini tangu utoto, usimwonyeshe kadi ya ushirika. Mletee lile doa. Ile pesa ya watu uliyokula. Yule mtoto uliyemkataa kijijini. Yule mke unayempiga, halafu Jumapili unashika maiki. Mvua inakuja! Na siku ile hutapewa nafasi ya kuegesha kivulini.

Usiogope kushuka. Mikono ya Yesu siyo kama mikono yangu, yenye pupa. Anajua palipo pembamba kwako. Palipobaki rangi atang'arisha, na palipobanduka kabisa atakufanya upya (2 Wakorintho 5:17).

Kama uko tayari, sali hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimechoka kujifunika. Wewe unalijua doa langu, na leo nalitaja mwenyewe mbele zako. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Nipe nguvu ya kwenda kwa niliyemkosea na kutengeneza. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali sala hii, haleluya! Sasa usilale nayo. Wiki hii hii nenda kwa yule mtu uliyemkumbuka ulipokuwa unasoma, maana najua yuko. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, uwaeleze, wakuombee. Na karatasi hii usifungie karanga. Mpe jirani.

Na kama una gari kuukuu nyumbani, acha kulifuta kwa kitambaa kikavu.