"Yuko kwa Yaya": Mwezi Mmoja wa Orlando

Julai 16, 2008, wapelelezi wa polisi walimsindikiza mama mmoja wa miaka 22 hadi kazini kwake. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameajiriwa Universal Studios, ile bustani kubwa ya burudani mjini Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Getini jina lake halikuonekana kwenye orodha ya wafanyakazi. Hakubabaika. Akaingia nao ndani, akawaongoza hadi kwenye jengo la ofisi, akashika korido kwa mwendo wa mtu anayekwenda mezani kwake. Karibu na mwisho wa korido akasimama, akatia mikono mifukoni, akawageukia na kukiri: hapa sifanyi kazi.

Wapelelezi wale walikuwa wakimtafuta mtoto. Casey Anthony, ndiye mama huyo, alikuwa na binti mmoja, Caylee, aliyebakiza wiki chache tu atimize miaka mitatu. Mara ya mwisho mtoto kuonekana akiwa hai ilikuwa Juni 16. Taarifa ilifika polisi Julai 15, na aliyeipeleka alikuwa bibi yake.

Katikati ya tarehe hizo mbili mama alikuwa anaishi maisha yake. Alilala kwa mpenzi wake, akaonekana kwenye klabu ya usiku, na Julai 2 akachorwa tatuu begani, maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "maisha mazuri". Kila alipoulizwa mtoto yuko wapi, jibu lilikuwa tayari: yuko kwa yaya. Wamekwenda Tampa. Sasa wako Jacksonville. Yaya huyo hakupatikana hata baada ya polisi kumtafuta kila kona, kwa sababu hakuwapo.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki humkazia macho mama. Mimi namtazama bibi, na natumaini hatanichukulia vibaya, maana maumivu aliyoyabeba yanatosha. Bibi alikuwa nesi. Babu aliwahi kuwa askari polisi. Hawa si watu wa kudanganywa kirahisi, na mjukuu walikuwa wakiishi naye nyumba moja. Bibi aliuliza, tena na tena. Akapewa Tampa, akapewa Jacksonville, akapewa kazi nyingi na mikutano. Ila kuna sentensi moja ambayo kwetu hata mama asiyejua kusoma huisema akimpigia simu mwanawe wa mbali: mpe mtoto simu nimsikie. Sababu ya kutompa huwa moja leo, nyingine kesho. Ya tatu ikija, hapo pana jambo.

Kilichovunja ukimya kilikuwa karatasi. Posta ilileta barua kwamba gari la familia, Pontiac nyeupe, lilikutwa limetelekezwa na kuvutwa hadi yadi. Babu alipokwenda kulitoa alipokelewa na harufu, na mtu aliyewahi kufanya kazi ya polisi haisahau harufu hiyo. Jioni ile bibi akamtafuta binti yake hadi akampata, akamrudisha nyumbani, akapiga simu polisi mara tatu. Simu ya tatu ndiyo dunia nzima iliisikia: analia, anasema ndani ya gari kunanuka kama palikuwa na maiti. Walikuwa wamechelewa mwezi mmoja.

Na mwezi si muda tu. Mwezi ni ushahidi. Agosti ile dhoruba ya Fay iliimwagia Florida mvua za siku nyingi, na sehemu za chini zikajaa maji. Mabaki ya mtoto yaliokotwa Desemba 11, 2008, kwenye kichaka chenye kinamasi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Iliyobaki ilikuwa mifupa. Daktari wa serikali aliandika kwamba mtoto aliuawa, lakini kwa njia gani hakuweza kuthibitisha. Mvua na jua vilikuwa vimekwisha kuchukua ushahidi na kuondoka nao.

Kesi ilianza Mei 2011. Waendesha mashtaka waliomba adhabu ya kifo. Utetezi ukaja na maelezo mapya: mtoto alizama kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani siku ileile ya Juni 16, familia ikaingiwa na hofu. Babu alikana kuhusika na jambo lolote la namna hiyo, na maelezo hayo hayakuthibitishwa. Lakini yachukue kama yalivyo, kwa dakika moja. Kama kweli mtoto alizama, simu moja mchana ule ingeleta gari la wagonjwa, na msiba ungekuwa ajali ambayo majirani wangekuja kuilia. Kilichoigeuza kuwa kesi ya adhabu ya kifo ni ukimya wa karibu mwezi mzima.

Julai 5, 2011, wale raia 12 ambao mahakama za Marekani huwaachia uamuzi walimwona hana hatia ya mauaji, wala ya kumtesa mtoto, wala ya kusababisha kifo chake. Walimtia hatiani kwa makosa manne madogo, yote ya kuwadanganya polisi: kwamba anafanya kazi Universal, kwamba alimwacha mtoto kwa yaya, kwamba aliwaeleza wenzake wawili kazini kuhusu kupotea kwa mtoto, kwamba mtoto alimpigia simu. Kila kosa mwaka mmoja na faini ya dola 1,000. Kwa kuwa alikwisha kukaa mahabusu karibu miaka mitatu, Julai 17 alikuwa nje. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikafuta hata mawili kati ya hayo manne.

Watu walikasirika, na kwa haki. Ila hasira yao ilikuwa inagonga ukuta: kukaa mwezi mzima bila kusema mtoto haonekani, kwenyewe, hakukuwa kosa lililoandikwa Florida mwaka 2008. Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kosa ambalo halijaandikwa, hata likiwa linanuka namna gani.

Ndipo majimbo mengine yakaanza kuandika. Januari 2012 New Jersey ilipitisha sheria kwamba mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 13 au chini anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Illinois ikaweka saa 24 kwa walio chini ya miaka 13, na kwa aliye chini ya miaka miwili, saa moja tu. North Carolina ikafuata mwaka 2013. Florida yenyewe, ajabu kidogo, haikuhesabu saa. Iliongeza tu uzito wa kudanganya polisi kuhusu mtoto aliyepotea.

Ndugu zetu walioko Chicago na miji mingine ya Illinois wasome kwa makini neno "mlezi". Sheria ya Illinois haimtaji mzazi peke yake. Inamtaja na anayemtunza mtoto. Kwa malezi yetu ya mtoto wa dada kukaa kwa shangazi, na wa kaka kupelekwa kwa mama mdogo mpaka shule ifunguliwe, huyo anaweza kuwa wewe, na kusema "nilikuwa namngoja mama yake atoke kazini" hakusimamishi saa.

Wakosoaji waliuliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri: ukimwambia mtu ana saa 24, si utakuwa umempa ruhusa ya kungoja saa 23? Utafiti wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, uliotolewa mwaka 1997, ulionyesha kwamba katika watoto waliotekwa kisha wakauawa, karibu robo tatu waliuawa ndani ya saa tatu za mwanzo. Ndiyo maana tangu 1990 sheria ya shirikisho Marekani inakataza polisi kumwambia mzazi asubiri kabla ya kuandikiwa taarifa. Na sheria haifufui wala haitafuti. Mwaka 2024 huko North Carolina mama na baba wa kambo walitiwa hatiani kwa kutoripoti. Binti yao wa miaka 11 alionekana mara ya mwisho Novemba 2022 akishuka basi la shule, nao wakasema Desemba 15. Hukumu ilitoka, mtoto hakuwa amepatikana.

Huku kwetu ile habari ya "subiri saa 24" imetuganda kama imani. Imetoka kwenye filamu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haina mstari huo. Kifungu cha 9 kinamtaka mzazi, akiwa hayupo kwa muda, ahakikishe mtoto anaangaliwa na mtu anayeweza kazi hiyo. Kifungu cha 95 kinakwenda mbali zaidi: mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti serikali ya mtaa wake. Yeyote. Muuza genge ni mmoja wao, na mpangaji wa chumba cha uani.

Tatizo letu ni aibu, zaidi kuliko kutojua sheria. Nimewahi kukaa ua mmoja na dada aliyeachiwa mtoto wa mdogo wake, wa miaka mitano. Saa kumi jioni mtoto hayupo. Dada akaanza kupigia ndugu, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "eti hajapita huko?", huku mkononi ameshika kandambili moja ya rangi ya waridi aliyoikuta mlangoni. Mjumbe anakaa nyumba ya nne kutoka pale. Hakwenda, akihofia mdogo wake atasikia kabla hajampata. Mzee mmoja ndiye aliyesimama bila kumuomba ruhusa, akaenda msikitini, ikatangazwa kwa kipaza sauti. Mtoto alikuwa kwa mama ntilie mtaa wa pili, anakula ubwabwa, mguu mmoja peku. Yule dada hakumsemesha mzee wiki nzima, kwa kumwaibisha.

Kwa hiyo mtoto asipoonekana, mwambie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na wakati huohuo mtu mwingine aelekee kituoni, dawati la jinsia na watoto, na asiondoke bila namba ya RB. Kenya wanaiita OB. Beba picha ya karibuni, taja nguo alizovaa. Askari akikwambia rudi kesho, mwombe mkuu wa kituo. Na kama wewe ni jirani au bibi, na umeambiwa mara tatu kwamba mtoto yuko kwa fulani, piga simu mwenyewe. Namba ya huduma kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya, usiku na mchana, na haikati salio.